Jeshi Lililokufa Kiangazi: Kisa cha Napoleon Nchini Urusi, 1812

Tarehe 3 Desemba 1812, Napoleon Bonaparte alikuwa Molodechno, mji mdogo ulio leo nchini Belarus, akirudi kutoka Moscow na mabaki ya jeshi lake. Taarifa ya 29 ya Jeshi Kuu ina tarehe na jina la mji huo. Ndiyo taarifa iliyowafikia watu wa Paris katikati ya mwezi na kuwaeleza kwa mara ya kwanza kwamba mambo yameharibika. Inasema hali ya hewa ilikuwa nzuri kabisa hadi tarehe 6 Novemba. Tarehe 7 baridi ikaanza, farasi wakawa wanakufa kwa maelfu kila usiku, mizinga ikakosa wa kuikokota, na jeshi lililokuwa zima likaharibika. Mwishoni inawahakikishia wasomaji kwamba afya ya mfalme haijawahi kuwa njema kuliko wakati huo.

Maelezo hayo ndiyo tuliyorithi. Darasani, vijiweni, kila vita vya Urusi vinapotajwa, jibu ni lile lile: Urusi ni kubwa, Urusi ni baridi, anayeivamia huganda. Kila nikilisikia nawakumbuka askari waliokufa mwezi Julai, kwenye vumbi, midomo imekauka kwa kiu. Hadithi ya baridi imewafuta. Imewafuta pia Warusi walioshinda vita ile kwa akili na ustahimilivu, kana kwamba theluji ndiyo iliyowafanyia kazi yote. Basi nataka tukifuate kisa hiki tangu mwanzo, na njia nzuri ya kukifuata ni kumwangalia mnyama ambaye hata taarifa ile ilishindwa kumficha: farasi.

Hesabu ya majani

Chanzo cha vita nitakipita haraka. Mwaka 1807, mjini Tilsit, Tsar Alexander wa Kwanza alikubaliana na Napoleon kuzifunga bandari za Urusi kwa biashara ya Waingereza. Makubaliano hayo yaliwaumiza wafanyabiashara na wenye mashamba wa Urusi, na kufikia mwisho wa 1810 Tsar alikuwa amekwisha kuyalegeza. Napoleon akaamua kumrudisha kwa nguvu. Hakukusudia kuitwaa Urusi nzima. Alitaka pigano moja kubwa karibu na mpaka, ashinde, Tsar atie saini, naye arudi nyumbani mapema.

Jeshi lilianza kuvuka mto Niemen, jirani na Kaunas, tarehe 24 Juni 1812. Kundi la kwanza lilikuwa na watu zaidi ya 400,000, na ukijumlisha waliofuata idadi inapita 600,000. Karibu nusu yao hawakuwa Wafaransa: walikuwamo Wapolandi, Wajerumani wa Bavaria, Saxony na Westphalia, Waitalia, Waholanzi, Waswisi, hata Wareno. Farasi walikuwa zaidi ya 150,000.

Kwa nini Juni, ilhali kila mtu alijua kwamba kiangazi cha Urusi ni kifupi? Kwa sababu ya farasi hao. Malisho ya wanyama wengi namna hiyo hayabebeki, kwa hiyo ilibidi kusubiri majani yaote njiani. Chukua farasi mmoja wa kazi, anayehitaji kama kilo 9 za malisho makavu kwa siku. Zidisha kwa 150,000, unapata tani 1,350 kila kunapokucha, kabla askari hata mmoja hajaonja mkate. Ukisema uyapakie kwenye magari, farasi wanaoyakokota nao wanakula. Ni kama kumtwika mpagazi gunia la unga na kumtuma safari ya mwezi mzima: atafika na gunia tupu, na wala hakuiba, amekula posho yake tu.

Napoleon aliijua hesabu hiyo, na wanaomchora kama mtu aliyejitosa bila kujiandaa wanamwonea. Alijaza maghala Danzig na Königsberg, akaunda vikosi maalumu vya uchukuzi, akapanga kila askari awe na chakula cha siku 24, kidogo mgongoni na kingi garini. Kasoro ilikuwa kwenye magari yenyewe. Mengi yalikuwa mazito, yaliyoundwa kwa barabara ngumu za Ulaya Magharibi, na Lithuania ilikuwa na njia za mchanga na tope. Yakazama hadi kwenye ekseli. Zaidi ya hayo, ushindi wake wa miaka ya nyuma, Ujerumani na Italia, ulitegemea askari kula kwa wenyeji njiani. Kule vijiji vimebanana na kila kimoja kina ghala lake. Huku unakata msitu nusu siku ndipo uone nyumba chache, na wenyewe wamekwisha kukimbia na ng'ombe wao.

Siku chache baada ya kuvuka mto, joto kali lilikatizwa na dhoruba ya mvua na baridi. Farasi walikuwa wamelishwa nafaka changa zilizofyekwa mashambani zikiwa mbichi, kwa kuwa nafaka kavu ilikuwa nyuma kwenye magari yaliyokwama. Nafaka mbichi humvimbisha farasi na kumsokota tumbo. Wakiwa wamelowa, wanatetemeka, matumbo yamejaa hewa, walikufa kama 10,000 ndani ya siku hizo chache, na mizoga yao ikatapakaa kando ya barabara ya Vilna, mji ambao leo ni Vilnius. Ilikuwa mwisho wa Juni, na hakuna pigano lolote la maana lililokuwa limepiganwa.

Tarehe hiyo naisisitiza kwa sababu yote yaliyofuata yanaanzia hapo. Farasi akifa, gari linasimama. Gari likisimama, mkate haufiki. Mkate usipofika, askari anaacha mstari kwenda kutafuta chakula vijijini, na askari aliyeacha mstari kwenye nchi ya watu ama anauawa, ama anatoroka, ama anarudi na ugonjwa.

Kiu, chawa na vumbi

Jeshi lilikaa Vilna zaidi ya wiki mbili likisubiri magari ambayo mengine hayakufika kamwe. Lilipoondoka, joto lilikuwa limerudi, na vumbi la maelfu ya kwato likafunika barabara hata mtu asimwone aliye mbele yake. Visima vilikuwa vimekaushwa na waliotangulia, au vimetupiwa mizoga. Askari mmoja wa miguu kutoka Württemberg, aliyekuwa mwashi kabla ya kuandikishwa, aliacha kumbukumbu za safari ile. Anasimulia jinsi walivyochimba mashimo kwenye vinamasi na kunywa maji yaliyojikusanya humo, ya rangi ya kutu, yenye minyoo. Kuhara damu kukafuata. Wabavaria walipoteza maelfu kwa maelfu ya watu kwa njia hiyo, wengi hawajapata hata kufyatua risasi.

Na chawa. Mwaka 2001, wajenzi mjini Vilnius walifukua kaburi la pamoja lenye mabaki ya askari zaidi ya 3,000 wa jeshi lile. Wanasayansi walikuta mabaki ya chawa kwenye udongo na vipande vya nguo, na kwenye meno ya marehemu wakakuta vijidudu vya homa zinazoenezwa na chawa. Wale walikufa Desemba, lakini chawa hazaliwi na theluji. Huzaliwa na nguo isiyofuliwa na watu kulala wamebanana, na hali hiyo ilianza tangu kiangazi.

Waliokuwa mbele kabisa walikuwa askari wa farasi wa Joachim Murat, shemeji yake Napoleon, shujaa asiye na mfano katika mashambulizi na mtu asiyejua kumpumzisha mnyama. Aliwaweka farasi na matandiko mgongoni tangu alfajiri hadi usiku, akiwafukuza Warusi ambao kila walipokaribiwa waliondoka. Inasimuliwa kwamba alipomlaumu Jenerali Nansouty kwa kushambulia kwa ulegevu, Nansouty alimjibu kwamba binadamu anaweza kwenda bila mkate, lakini farasi hawaendi bila nafaka, kwa maana wao hawashikiliwi na mapenzi ya nchi.

Sasa tuwatazame Warusi, maana mara nyingi wanasimuliwa kama watu waliokuwa wakikimbia tu. Waziri wao wa vita na kamanda wa jeshi kubwa zaidi, Barclay de Tolly, aliona kwamba kupigana mpakani ndiko anakokutaka Napoleon, hivyo akamnyima. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, jeshi likiwa limeshikamana, akichoma maghala ambayo hakuweza kuyahamisha. Kwa kazi hiyo alitukanwa. Jenerali Bagration, kamanda wa jeshi la pili, alimwona mwoga, na wengine wakalishuku jina lake la kigeni kama dalili ya usaliti. Mwezi Agosti Tsar alimweka Mikhail Kutuzov juu yake, mzee ambaye watu walimpenda, naye Kutuzov akaendelea kurudi nyuma vile vile. Naamini Barclay ndiye aliyelistahili zaidi shukrani la taifa lile, na ndiye aliyecheleweshewa zaidi.

Tsar mwenyewe hakuwa ameficha kitu. Kabla ya vita alimwambia Caulaincourt, balozi wa Ufaransa, kwamba bahati ikimgeukia afadhali arudi nyuma hadi Kamchatka kuliko kusaini amani ya aibu. Caulaincourt alilifikisha neno hilo kwa Napoleon, lakini halikumgeuza.

Mwisho wa Julai, akiwa Vitebsk, Napoleon alifikiria kusimama, apange mstari wa majira ya baridi, aendelee mwaka ujao. Angewasikia majenerali wake wengi, huenda jeshi lingepona. Lakini alikuwa amekwisha kupoteza watu wengi bila kupata lile pigano alilolifuata, na kusimama kungeonekana kama kukiri. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaenda Smolensk, akaukuta mji unawaka, Warusi wameondoka tena, na kutoka hapo Moscow ikaonekana karibu.

Mchoro wa Minard

Mwaka 1869 mhandisi Mfaransa, Charles Minard, akiwa mzee wa miaka 88, alichora safari ile kwa utepe mmoja unaosinyaa kadiri watu wanavyopungua. Utepe wa kwenda unaanzia Niemen na watu 422,000 na kufika Moscow na 100,000. Utepe wa kurudi, mweusi, unaishia na 10,000.

Wengi wanauangalia utepe mweusi kwa sababu chini yake Minard ameweka kipimo cha baridi. Naomba utazame ule wa kwenda. Watu 22,000 na 60,000 walikuwa wameelekezwa pembeni kulinda mbavu za jeshi. Waondoe hao, bado 240,000 hawamo walipofika Moscow. Wapo walioachwa kulinda miji, wapo waliokufa Smolensk na Borodino. Waliobaki katika hesabu hiyo waliliwa na njaa, kuhara, homa, utoro na kuchoka. Kipimo cha baridi cha Minard kinaanza tarehe 18 Oktoba. Kwa utepe wa kwenda hakuna kipimo kabisa, maana hakikuhitajika.

Borodino, tarehe 7 Septemba, ndilo pigano alilolililia tangu Juni. Kwa siku moja pande zote mbili zilipoteza watu wapatao 70,000 au zaidi kwa vifo na majeraha. Warusi waliondoka uwanjani usiku, jeshi lao limeumia lakini lipo. Wiki moja baadaye Napoleon aliingia Moscow na kukuta mji karibu mtupu, mashine za kuzimia moto zimeondolewa kwa amri ya gavana Rostopchin, na jioni ile ile moto ukaanza. Ulipozimika, sehemu kubwa ya mji ilikuwa majivu.

Alikaa siku 35. Alituma barua za amani kwa Tsar, na Tsar hakujibu. Siku hizo 35 hewa ilikuwa ya kupendeza, na farasi waliendelea kufa. Kila kikosi kilichotumwa nje ya mji kutafuta majani kilivamiwa na Makosaki, wapanda farasi wepesi wa Urusi, au wanavijiji wenye mashoka. Askari wa farasi wa Murat, waliokuwa wakimchunguza Kutuzov kusini mwa mji, walifikia kuwalisha wanyama wao nyasi zilizong'olewa kwenye mapaa ya nyumba. Kambi ya Kutuzov huko Tarutino, upande wa pili, ilikuwa ikiongezeka watu, farasi na chakula kila siku kutoka mikoa ya kusini ambayo vita havikuigusa.

Barabara iliyokwisha kuliwa

Jeshi lilitoka Moscow tarehe 19 Oktoba likiwa na msururu mrefu wa magari yaliyojaa mazulia, fedha na manyoya. Malisho yalikuwa haba.

Pigano ambalo kwangu mimi ndilo lililoamua kila kitu ni la Maloyaroslavets, tarehe 24 Oktoba. Napoleon alitaka kushika njia ya kusini kuelekea Kaluga, ambako vijiji vilikuwa bado na nafaka. Kutuzov akamuwahi na kumzuia. Mji mdogo ule ulibadilishana mikono mara kadhaa kwa siku moja, na jioni ulibaki kwa wanajeshi wa Napoleon, wengi wao Waitalia. Lakini nje yake Warusi walikuwa bado wamesimama njiani. Kesho yake alfajiri Makosaki karibu wamkamate Napoleon mwenyewe. Akaamua kurudi kwa barabara ile ile aliyojia, ya Mozhaisk na Smolensk, ambayo majeshi mawili yalikuwa yameshaila hadi mizizi.

Theluji kubwa ilikuwa haijaanguka. Uamuzi huo ndio uliowaua.

Siku chache baadaye walipita kwenye uwanja wa Borodino. Maiti za Septemba zilikuwa bado zimelala pale pale, zimefukuliwa na mbwa mwitu na mvua. Waliolazwa kwenye monasteri ya Kolotskoye, majeruhi wa pigano lile, walipakiwa juu ya magari yaliyokuwa tayari yamelemewa na ngawira, na wengi wakadondoshwa njiani.

Kisha ndipo baridi ilipokuja, na sitaki nieleweke kama ninayeidharau. Iliua watu kwa maelfu. Lakini iangalie ilivyowapiga: iliwakuta hawajala, na iliwakuta bila farasi. Viatu vya chuma vya farasi wao vilikuwa laini chini, bila meno ya kung'ata barafu. Caulaincourt, ambaye aliijua Urusi, alikuwa ameagiza farasi wa nyumba ya mfalme wavalishwe viatu vya barafu, na Wapolandi nao walijua kufanya hivyo. Farasi wa jeshi lote waliteleza kila kilima, wakaanguka, na farasi aliyeanguka akiwa na njaa hainuki. Wakamchinja akiwa hai kwa ajili ya nyama.

Smolensk, walikofika tarehe 9 Novemba, waliahidiwa maghala. Waliotangulia waliyapora na waliofuata wakakuta magunia matupu. Vitebsk na akiba yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Warusi siku mbili kabla. Ghala kubwa zaidi, la Minsk, likatekwa tarehe 16 na Admirali Chichagov, aliyekuja na jeshi kutoka kusini baada ya Urusi kupatana na Waturuki.

Mto Berezina unatuonyesha jambo ambalo hadithi ya baridi haiwezi kulieleza. Ungekuwa umeganda, jeshi lingevuka kwa miguu. Siku hizo baridi ilikuwa imelegea na barafu ikayeyuka, mto ukawa wazi, na daraja la Borisov lilikuwa limechomwa. Siku chache nyuma, huko Orsha, Napoleon alikuwa ameamuru magari ya vyombo vya madaraja yachomwe ili farasi wake wakokote mizinga. Jenerali Éblé, mkuu wa wajenzi wa madaraja, aliokoa mivukuto miwili ya wahunzi, mikokoteni ya makaa na magari sita ya zana. Kwa vitu hivyo, na mbao za nyumba walizobomoa kijijini Studyanka, wanaume wapatao 400, wengi Waholanzi, waliingia mtoni tarehe 26 Novemba, maji kifuani, vipande vya barafu vikiwagonga, wakasimamisha madaraja mawili. Yalipokatika waliingia tena usiku kuyafunga. Maelfu walivuka kwa sababu yao. Wajenzi wenyewe wengi hawakufika nyumbani, na Éblé alifariki Königsberg siku ya mwisho ya mwaka.

Na jeshi la Kutuzov? Lilitembea katika theluji ile ile, likiwa karibu na maghala yake na katika nchi yake, na lilipofika Vilna lilikuwa limebaki na kama theluthi moja ya watu waliotoka Tarutino. Wengi wa wasiokuwepo walikuwa wagonjwa hospitalini, ambao wangerudi. Wa Napoleon hawakuwa na hospitali ya kurudia.

Karibu karne sita kabla yake, Desemba 1237, Wamongolia waliuzingira Ryazan na kuuteka, kisha wakaendelea na miji mingine majira yote ya baridi. Mito iliyoganda ikawa barabara zao. Farasi wao wadogo, wenye manyoya mazito, wanajua kuparua theluji kwa kwato na kula nyasi iliyo chini. Nchi ni ile ile na baridi ni ile ile. Farasi ndiye aliyekuwa tofauti.

Tarehe 5 Desemba Napoleon aliliacha jeshi huko Smorgon na kukimbilia Paris. Siku zile ndipo baridi ilipozidi nyuzi 30 chini ya sifuri. Tarehe 10, nje kidogo ya Vilna, mabaki ya msafara yalifika kwenye mwinuko wa Ponary, umefunikwa na barafu. Farasi waliosalia hawakuweza kuupanda. Hapo ndipo zilipoachwa karibu mizinga yote iliyobaki pamoja na magari ya hazina, na askari wenye njaa wakawa wanajaza sarafu za dhahabu kwenye vifuko vyao chini ya mlima.

Watu Napoleon aliwapata tena. Kufikia masika ya 1813 alikuwa na jeshi jipya la vijana Ujerumani, akashinda Lützen tarehe 2 Mei na Bautzen baada ya wiki tatu. Mara zote mbili adui aliondoka uwanjani kwa mpango, kwa kuwa hapakuwa na wapanda farasi wa kutosha wa kumfukuza. Tarehe 4 Juni alikubali kusimamisha vita, na katika barua kwa waziri wake wa vita alitaja sababu mbili: msimamo wa Austria, na upungufu wa askari wa farasi.